Sketi Iliyofuliwa Kabla ya Kushonwa

Kazi ya kwanza niliyoichukia kwa moyo wangu wote ilikuwa ya kupapasa watu. Nilikuwa askari mlangoni pa jengo moja la maduka, na kila mwanamke aliyeingia ilibidi nimpitishie mikono kuanzia makwapani hadi miguuni. Walisimama wameinua mikono, macho yao juu ya kichwa changu, wengine wakiendelea kuongea na simu. Hawakunikosea adabu. Hawakuniona tu. Nilipofika nyumbani, mtaani kwetu Soweto West, nilimwambia mama kwamba mikono yangu imechoka kushuku watu. Mama, aliyetoka Kitui zamani kutafuta riziki na hajawahi kuchagua kazi, aliniuliza kama mikono yenyewe inauma. Nikasema hapana. "Basi rudi kesho," akasema.

Nilirudi, kisha siku moja sikurudi. Baada ya kukaa nyumbani hadi mama akaacha kunisemesha, nilienda kukaa ukutani.

Ukuta huo uko Kawangware, mfupi, wa mawe, kando ya njia ya kwenda Riruta Satellite. Hapo ndipo akina mama fua huketi tangu asubuhi wakingoja mtu mwenye rundo la nguo chafu. Sabuni ilinila vidole, sawa, lakini kilichonikera zaidi ni kule kuchaguliwa. Mtu anakuja, anatukagua kama nyanya, halafu anaonyesha kwa kidole: wewe. Ukichaguliwa unaona aibu, usipochaguliwa unaona aibu zaidi. Wenzangu walicheka sana pale ukutani, nami nilinuna. Nilijiona si wa pale.

Hatimaye nilipata nyumba moja Satellite iliyonizoea, na mwenye nyumba akawa ananipigia simu badala ya kuja kuchagua. Nikadhani mambo yameanza kuninyookea. Shule zilipofunguliwa akanipa sketi mpya ya bintiye, ya sare, imevaliwa mara moja tu. Niliifua vilevile nilivyofua zote, nikaianika. Ilipokauka ilikuwa imenywea, na binti alipoijaribu iliishia juu ya magoti.

"Umeiharibu," mama yake akasema.

Nilijaribu kumweleza kwamba ni kitambaa kilichonywea, si mikono yangu. Nilieleza hadi mlangoni, nikaeleza nikivaa viatu, na nilipomaliza nilikuwa nje. Niliumia. Tangu siku hiyo nikawa siamini kitambaa kipya hata kidogo.

Nilirudi ukutani, na mmoja wa wenzangu wale wale niliokuwa nawanunia ndiye aliyeniambia kuna fundi wa nguo kule Kianda anayetafuta msaidizi. Nilienda kwa miguu. Nilikuta mwanamke wa makamo, mwenye utepe wa kupimia shingoni na sindano mdomoni, akanisemesha bila kuitoa.

"Utaweka vifungo na kupiga pasi," akasema. "Shule zikifunguliwa, nitaona kama unabaki."

Kwa hiyo nilijua ninachongojea. Ama nibaki pale, ama nirudi ukutani nikaonyeshwe kidole. Na nilitaka kubaki kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, kwa sababu wakati wa chakula cha mchana alianza kunifundisha cherehani, na nilipoona mshono wangu wa kwanza umenyooka nilifurahi hadi nikashindwa kula.

Kupima wateja nako nilikuweza haraka. Mikono yangu ilishawajua watu wa kila umbo kule mlangoni. Tofauti ni kwamba sasa niliuliza kwanza: "Mathe, nikushike kiuno?" Wakacheka, wakaniambia habari za watoto wao huku nikipima. Waliniangalia usoni.

Kisha fundi akanipa kitambaa nishone sketi yangu ya kwanza, ya mwanafunzi, kuanzia kukata hadi pindo. Nilikibeba nyumbani, nikakiloweka kwenye beseni, nikakifua kwa sabuni, nikakianika. Nilipoamka nikakirudisha kazini, nikakikata na kushona. Sikumwambia mtu. Kwangu hilo lilikuwa jambo la wazi kabisa, hata halikuhitaji kusemwa.

Mama wa mwanafunzi alikuja kuchukua. Aliishika sketi, akaivuta, akainusa.

"Hii ni ya mtumba," akasema. "Si nilisema nataka mpya?"

Kwetu sare mpya lazima isimame yenyewe, ing'ae, na inuke duka. Mzazi amejinyima ili mtoto aonekane amevalishwa mpya, na majirani wote waone. Yangu ilikuwa imelegea na inanuka sabuni ya mche. Mama yule aliiacha juu ya meza, akasema atakuja kesho kuchukua ya haki, akaondoka.

Nilivua aproni, nikaikunja.

"Unaenda wapi?" fundi akauliza.

"Kawangware. Kwa ukuta."

"Nani amekufukuza? Kaa chini. Hii kitambaa uliosha ya nini?"

Nikamweleza habari ya Satellite, ile sketi, yule binti, yale magoti. Niliongea kwa hasira, kwa maana hasira bado ilikuwepo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akakata kipande cha kitambaa kile kile, akakiloweka, akakianika juani. Kilipokauka alikilaza juu ya kipande kisicholoweshwa. Pengo lilionekana bila hata kupima.

"Kumbe ndio maana wateja wanarudi wakisema nimewaibia kitambaa," akasema polepole. Akanitazama. "Sasa utairudisha aje ikae mpya?"

Hilo nalo nililijua, maana kule Satellite mashati ya mzee wa nyumba yalitaka kusimama kola. Nilipika uji mwepesi wa unga wa ngano, nikauchuja, nikauchanganya na maji, nikachovya sketi. Ilipobakia na unyevu kidogo niliipiga pasi ya makaa, mkunjo mmoja baada ya mwingine. Ilisimama.

Kesho yake mama yule aliishika tena, akaivuta, akainusa tena.

"Ni ile ya jana," fundi akamwambia. "Imeoshwa ndio isishrink kwa msichana wako. Ukiosha, itakaa vile vile."

Mama yule akaipima kwa macho kwa muda mrefu. "Lakini inakaa mpya," akasema, akaichukua.

Shule zilifunguliwa. Nilifanya kazi siku nzima nikingoja kuambiwa kama nabaki. Tulipokuwa tunafunga mlango nikashindwa kuvumilia, nikamwuliza kama nije kesho.

"Na hizo vitambaa za term ijayo, nani ataziosha?" akasema. "Kuja mapema, upate jua."

Bado nafanya kazi Kianda, na kila kitambaa hupitia kwenye beseni langu kwanza. Namshukuru fundi huyo kila ninapokalia cherehani. Namshukuru hata yule mama wa Satellite, ingawa sijafika mahali pa kumpelekea shukrani zenyewe. Na nikienda Kawangware kununua vifungo napita pale ukutani. Akina mama wanaonijua, wakiniona tu, husogea kunipa nafasi bila kuuliza kama nimefukuzwa au nimekuja kusalimia. Nami hukaa hapo kidogo.