Ufunguo Mfukoni mwa Ovaroli

Gari lililopasukiwa na tairi halikutoka kwenye karakana ya fundi huyu kabla hajaliendesha mwenyewe. Mwenye haraka alielekezwa karakana ya jirani, kwa upole, bila kubembelezwa. Na mwanamume aliyeingia akiuliza fundi mwenyewe yuko wapi alijibiwa na sauti ya kike kutoka chini ya gari: "Unazungumza naye. Nisogezee hiyo spana."

Asubuhi moja aliyeingia alikuwa kaka yake, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka sita. Jana yake gurudumu la mbele kushoto la gari lake lilitumbukia shimoni na tairi likapasuka. Alikuwa ameshafunga jipya. Saa sita mchana alitakiwa awe mji wa jirani akiwa na gari lake, ajaribiwe kwa kazi ya kusambaza dawa za hospitali. Kazi hiyo aliisubiri mwaka mzima.

"Mdogo wangu, niangalizie upepo tu, niondoke."

"Nipe ufunguo, kaka."

"Mimi nimekuwa mteja?"

"Mteja ningekuwa nimeshamnyang'anya. Wewe nakuomba."

Akaliendesha hadi kwenye barabara iliyonyooka nyuma ya maghala, kaka yake pembeni akitazama saa. Alipolegeza mikono, gari likaanza kuvuta kushoto. Ili liende sawa, ilibidi usukani ushikwe umepinda.

"Tairi ni jipya hilo," kaka alisema. "Litazoea."

"Tairi si bi harusi, kaka. Halizoei nyumba."

Waliporudi aliyabadilisha nafasi matairi ya mbele, la kulia akalipeleka kushoto na la kushoto kulia. Kama kosa lingekuwa la tairi, gari lingeanza kuvuta upande wa pili. Wakaenda tena nyuma ya maghala. Likavuta kushoto vilevile.

Hapo kaka yake akaacha kutazama saa. Fundi alichukua futi ya utepe, akapima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi katikati ya gurudumu la mbele, kila upande, mara mbili. Kushoto palipungua kwa upana wa kidole. Akaingia chini na tochi, akafuta tope kwenye mkono wa chini, kile chuma kinacholishikilia gurudumu. Kilikuwa kimepinda, na kwenye kona yake palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Njoo uone."

Kaka alilala chini na suruali yake ya pasi, akaona.

"Nitakwenda polepole," alisema alipoinuka. "Nikirudi utafunga kingine."

"Kikikatika, gurudumu linalala na usukani haukusikii tena. Polepole haisaidii."

"Mwaka mzima, mdogo wangu. Unanifanyia hivi mimi?"

Fundi aliutia ufunguo mfukoni mwa ovaroli na kufunga kifungo. Wapo ambao wangeuita huo ukatili. Lakini kumwachia ndugu gari ambalo usingemwachia mgeni ni woga wa kununiwa, na kuuita woga huo upendo ni uongo.

Chuma kipya kilipatikana saa tisa alasiri. Alikifunga, akanyoosha magurudumu, akaenda kujaribu peke yake, mikono ikiwa imelegea. Gari likaenda sawa kama mstari wa rula. Aliporudi alikuwa akitabasamu, tabasamu la mtu anayejua kazi yake, ingawa hapakuwa na wa kumsifu. Kaka yake alipokea ufunguo, akaondoka.

Kile chuma cha zamani alikibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha meza ya kazi, na kukivuta kwa mikono yake miwili. Kilikatika mara ya tatu. Alivitundika vipande vyote viwili ukutani, juu ya stashahada yake.

Kaka yake aliviona miezi saba baadaye, alipoleta gari lingine lililopasukiwa na tairi. Alivitazama kwa muda mrefu, kisha akanyoosha mkono wenye ufunguo kabla hajaombwa.

"Liendeshe kwanza," alisema.

Kazi ya dawa alipewa mtu mwingine siku ile aliyonyimwa ufunguo. Na kwa miezi saba hiyo, kaka na dada waliozaliwa tumbo moja hawakusalimiana.