Pini ya Bibi Chini ya Masale

Sisi tuliokulia kwenye vihamba, mashamba ya migomba na kahawa ya Kilimanjaro, kabla umeme haujapanda huku juu tunajua utoto una harufu yake: kahawa iliyomenywa asubuhi, moshi wa kuni mbichi, samadi, na maji ya mfereji yaliyotoka mlimani yakiwa baridi mpaka meno yanagongana. Tulikata vigogo vya migomba, tukavikalia na kuteremka navyo nyuma ya zizi hadi kaptula zikatoboka. Watoto wa leo wanateleza kwa kidole kwenye kioo cha simu, halafu wanasema wamechoka.

Nililelewa na Bibi mzaa baba, pamoja na binamu yangu Ndeshi, binti wa shangazi aliyeolewa Tarakea. Mimi nilikuwa darasa la pili, yeye la sita. Kila Jumapili Ndeshi alipiga pasi ya mkaa shali ya Bibi, akamvisha, kisha akaifunga kifuani kwa pini ya shaba ya duara, yenye rangi ya bluu na nyekundu, ngumu na laini kama ile ya sahani zetu za bati. Pini hiyo Bibi aliachiwa na mama yake. Alikuwa akisimama wima kama askari, Ndeshi ameishikilia pini kwa kidole, naye anahimiza: "Fanya haraka mwanangu, kengele ya pili hiyo!"

Siku moja tulikuwa tunacheza vita, nami nilitaka kuwa jenerali. Jenerali bila nishani ni nani? Nikaiiba pini. Katika kuviringishana kwenye majani ya migomba, sindano yake ikapinda. Nilivyomwogopa Bibi, nikaifukia mpakani mwa kihamba, penye masale, mimea mitakatifu ya mpaka kwetu, maana hakuna mtu anayethubutu kung'oa masale. Nikakata tawi la isale na kulichomeka pale kama alama, nije niichukue mambo yakishapoa.

Jumapili ikafika.

"Ndeshi, nguo zangu anazigusa nani?"

"Mimi, Bibi."

"Basi."

Hakupigwa. Ingekuwa nafuu. Wiki hiyohiyo alirudishwa Tarakea na sanduku lake la bati, na shule ikaishia hapo. Mimi nilisimama mlangoni nikila ndizi ya kuchoma.

Alipoondoka nilikwenda kuchimba. Kumbe Bibi alikuwa ameziba mapengo ya mpaka kwa matawi mapya, na isale ukilichomeka tu linashika. Alama yangu ilikuwa moja kati ya alama thelathini zilizofanana. Nilichimba mpaka nikafukuzwa, eti naharibu mpaka. Na bila pini mkononi, nilijiambia, nani ataniamini? Ndivyo nilivyojidanganya nilipokuwa mtoto, na ndivyo nilivyoendelea kujidanganya nikiwa Tanga, Mwanza, Songea, kila mahali nilipohamia nikidhani ni kazi ninayoitafuta. Bibi alifariki nikiwa njiani.

Desemba iliyopita nilipanda nyumbani kama ilivyo desturi yetu. Nikamkuta jirani yetu Elisante, mtu mzima mwenye wajukuu, anazunguka vihamba na mashine ya kunusa vyuma ardhini, akitafuta hazina za Mjerumani. Mpaka siku hiyo alikuwa amepata misumari, jembe na vifuniko vya soda.

"Mangi, nipitishie mpakani kwetu," nikamwambia, maana huku kila mwanamume huitwa Mangi.

"Kuna hazina?"

"Ipo."

Kwenye isale la kumi na moja mashine ikalia. Tukachimba kwa mikono. Shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani, lakini nilipoisugua kwa shati, bluu ikatokea, na nyekundu, kama jana. Elisante akanionyesha kwenye simu Mzungu aliyefukua pini ya Warumi wa kale kwa mashine kama ile, rangi zake bado zinang'aa. "Uiuze," akasema. Nikamwambia ina mwenyewe.

Kwetu, aliyekosa huenda na jani la isale kwa aliyekosewa, na likishapokelewa neno limekwisha. Nilichuma langu palepale tulipochimba. Nikishuka nalo njiani niliona nyumba nyingi zimeng'oa masale, zimejenga kuta za tofali na geti la chuma. Nzuri, kwa kweli. Ila sijui hao wakikosana watachuma wapi.

Tarakea nilimkuta Ndeshi sokoni, anapanga maharage. Nikamwamkia, nikampa jani kwa mikono miwili, kisha pini. Nikasema yote.

Akaligeuza jani mkononi. "Mangi, umeniletea kitu nisichoruhusiwa kukikataa." Akacheka kidogo. "Zamani watu walileta jani hasira zikiwa bado za moto. Wewe umekuja na mvi!"

"Nisamehe, dada."

"Jani nimelipokea. Lakini Bibi amekufa akijua mimi ni mwizi. Yeye utampelekea nini?"



Akajaribu kuifunga pini kwenye khanga yake. Sindano ilikuwa imepinda, haikushika. Akaishikilia tu kwa kidole kifuani, amesimama wima katikati ya mafungu ya maharage. Enzi zile kengele ya pili ingekuwa inalia, na Bibi anatuhimiza. Siku hiyo tulisimama hivyo kwa muda mrefu, na hakuna aliyetuambia tufanye haraka.