Majina Manne Katika Kitabu cha Marehemu

Jumanne nilipanga foleni katika ofisi ya parokia, hapa Malaba, kuandikisha marehemu wa kuombewa mwisho wa Novemba. Mbele yangu alikuwa mama anayeuza omena. Alikunjua kipande cha gazeti la Septemba kinachonuka samaki, akaweka kidole juu ya picha ya wasichana wanne weusi waliouawa kwa bomu katika jimbo la Alabama, Amerika.

"Niandikie hawa."

Katekista alisoma, akatikisa kichwa. "Mama, hawa si Wakatoliki."

"Rais wa Amerika aliyepigwa risasi Ijumaa umemwandika."

"Huyo alikuwa wetu."

"Huyo alikufa akiwa garini, mzee. Hawa walikufa kanisani, Jumapili."

Katekista alifunika kitabu kwa kiganja mpaka mama akaondoka.

Zamu yangu ilipofika, nilimwambia aandike mabinti zangu watano. Alinitazama, maana ndiye aliyeongoza mazishi ya binti mmoja tu niliyejaliwa. Kisha akaandika watano, bila kuuliza dhehebu.

Tangu siku hiyo najaribu kuutubu uongo huo, na sijaweza.