Antena Iliyovishwa Maua

Mke wangu tulimzika Khwisero siku ya Jumamosi, na Jumatano iliyofuata mwenyekiti wa ploti yetu hapa Kakamega mjini akaja kunipa pole akiwa na barua mkononi. Pole ilitangulia, hilo lazima niliseme kwa haki yake. Alisimama kwenye veranda, akavua kofia, akainamisha kichwa mbele ya shada kubwa la maua lenye picha ya marehemu katikati, akafumba macho kwa muda wa kutosha kuhesabu mpaka ishirini. Kisha akavaa kofia na kunikabidhi barua. Barua ilisema kuna habari kwamba nyumba namba tisa, yaani yangu, ina antena, na kanuni za ploti haziruhusu antena.

Kile alichokiinamia kichwa ndicho kilichokuwa antena. Sikumwambia, kwa sababu hakuuliza. Aliniachia barua akaenda zake.

Mimi ni seremala na masomo yangu yaliishia darasa la saba. Mke wangu ndiye aliyekuwa na akili za waya. Alifanya kazi ya ufundi wa simu kwa miaka mingi, na alipostaafu akabaki na leseni ya serikali ya kuzungumza kwa redio na wenzake wa nchi yoyote, bila mshahara na bila faida. Leseni hiyo ilikuwa ukutani ndani ya fremu, juu kuliko picha ya harusi yetu. Dada yake mdogo hakuchoka kumuuliza, "Kwa nini usiwapigie simu kama watu wengine?" Naye hakuchoka kumjibu, "Kwenye simu unampata uliyemtafuta tu."

Tulipokaa upande wa Lurambi alikuwa na waya mrefu kutoka mkaratusi mmoja mpaka mwingine, na hakuna aliyejali isipokuwa ndege. Halafu miguu yake ikaanza kumsumbua, tukahamia karibu na hospitali, kwenye ploti ya nyumba kumi na mbili iliyozungushiwa ukuta. Mwenye ploti anaishi mbali na hajali. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa nyumba namba moja, anajali kwa niaba yake. Kanuni zake zimebandikwa getini: hakuna waya juu ya paa, hakuna antena inayoonekana kutoka njiani, hakuna kuku. Kila nyumba ina kuku. Mwenyekiti mwenyewe ana saba. Kila alfajiri majogoo ambao hawapo huwika kwa zamu kutoka namba moja hadi kumi na mbili, na kila mwezi kamati hukutana na kukubaliana kwamba kanuni zinafuatwa.

Mke wangu alisoma lile tangazo la getini mara mbili, akaniomba nimchongee msalaba wa mbao kavu wenye mguu imara. Kwa fundi wa mabomba akanunua bomba jembamba la shaba, lile laini linalokunjika, akalikunja duara kubwa kidogo kuliko gurudumu la baiskeli, akalifunga kwenye msalaba wangu. Juu, pale ncha mbili za duara zilipokaribiana, akaunganisha kapasita aliyoing'oa kwenye redio ya zamani, ile yenye visahani vinavyoingiliana ukizungusha kitasa. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa antena nzima. Yeye aliiita lupu, mimi niliiita pete.

Aliiweka kwenye veranda mchana kweupe. Mama wa namba tatu alipouliza ni ya nini, mke wangu akasema ni ya kuanikia taulo. Mimi nikaingia ndani ili nisiulizwe. Aliponifuata nilimwambia hilo halikuwa kweli. Akatoka, akatundika taulo kwenye pete, akarudi.

"Sasa?"

"Sasa ni kweli," nilisema, ingawa moyo haukuridhika. "Lakini wakiniuliza mimi, nitasema."

"Basi tuombe wasikuulize."

Alipokuwa akizungumza na wenzake nilikaa karibu na pete nikiwa na testa ya umeme, ile bisibisi yenye taa ndogo ndani. "Usiguse, fundi, itakuunguza," aliniambia kila mara. Sikugusa. Nilisogeza testa karibu na kapasita, na kataa kale kakawaka kwa kila neno lake na kuzima aliponyamaza. Nilikuwa sielewi nusu ya walichosema. Nilitazama taa.

Aliugua wiki tatu. Sina la kuongeza hapo.

Maombi ya jioni yalifanyikia hapa mjini kabla hatujampeleka Khwisero. Akina mama wa kanisa walikuja kupamba, wakakuta kwenye veranda kitu kilekile walichokuwa wakikihitaji: duara zuri lililosimama kwenye mguu wa mbao. Wakadhani ni fremu ya shada niliyoichonga mimi kwa ajili ya msiba.

"Fundi amejiandaa mapema," mmoja akasema, na mpaka leo sijui kama ilikuwa sifa.

Walilizungushia maua ya plastiki, ya pinki na meupe, wakaifunga picha yake katikati kwa utepe. Mmoja alileta karatasi za kumetameta za Krismasi. Hizo nilizitoa polepole walipoondoka, kwa sababu mke wangu alishaniambia karatasi ya namna ile ni bati tu lililovaa vizuri na inaziba redio. Maua hayana shida. Redio haioni maua.

Baadaye nilipata sababu kubwa zaidi ya kujali. Siku mbili baada ya mazishi alinipigia simu mzee anayewaongoza wenzake wa redio. Wao hukutana hewani kila Jumamosi saa tano asubuhi, na mwongozaji huita kila mmoja kwa herufi na namba alizopewa kwenye leseni yake, naye huitikia. Mwenzao akifa humwita mara tatu kwa mara ya mwisho, wanasubiri, halafu wanamtoa kwenye orodha. Zamu ya mke wangu ingekuwa Jumamosi ya wiki inayofuata.

Mwanangu aliye Nairobi alisema, "Baba, usijisumbue. Watarekodi, nitakutumia kwa simu."

Nilimwambia asante. Lakini sikutaka kusikia kwamba aliitwa. Nilitaka niwepo anapoitwa. Kupeleka redio Khwisero kulikuwa hakuna maana, kwani nyumba yetu ya huko haina umeme, na betri ilikufa kabla ya mwenye redio. Kwa hiyo kila mchana nilikaa ndani karibu na dirisha, waya ukipita hapo kwenda kwenye pete, nikinyoosha mkono nje na kujifunza kuzungusha kile kitasa chake. Ni kazi ya mkono mwepesi. Ukizidisha unywele mmoja, sauti zote zinazama. Ukipatia, mshindo unapanda ghafla kama mvua inapofika kwenye mabati.

Alhamisi kabla ya siku yenyewe mwenyekiti akarudi, safari hii na mweka hazina wa kamati pamoja na mama wa namba tatu. Shemeji yangu, yule dada mdogo wa marehemu, alikuwa amekuja kutoka Musanda tangu msiba kunipikia. Alikuwa mlangoni akichambua mboga.

"Mulembe, Fundi."

"Mulembe, Mwalimu. Karibuni mketi."

"Hatukai. TV yangu inaruka tangu Jumapili. Picha inakatika katikati ya habari."

"Pole."

"Si mambo ya pole, ni mambo ya antena. Marehemu alikuwa anaongeanga na dunia nzima kutoka hapa. Sasa mawimbi yamejaa ploti."

"Kwani mawimbi hubakianga nyumbani kama harufu ya samaki?" shemeji akauliza mboga zake.

Nilisema, "Mwalimu, aliyekuwa akizungumza tumemzika. Mimi nasikiliza tu. Kusikiliza hakurushi TV ya mtu."

"Kwa hiyo unakubali kuna antena."

"Ipo."

"Iko wapi? Tumetazama paa. Tumezunguka nyuma. Hatutaki kupekua nyumba yenye msiba, lakini itabidi."

Shemeji alikuwa amesimama nyuma yao. Alinitikisia kichwa, akaweka kidole mdomoni, kisha akanionyesha ngumi.

"Ni hiyo uliyoishikilia," nilimwambia mwenyekiti.

Alikuwa ameegemeza mkono kwenye mguu wa shada, kama mtu aliye kwake. Akautazama mkono, akatazama maua, akatazama picha ya mke wangu, ambaye katika picha ile anacheka, maana aliyempiga picha alikuwa ameziba pembe ya kamera kwa kidole.

"Hili ni shada," akasema.

"Maua ni ya akina mama wa kanisa. Chini ya maua ni antena."

"Nimeliinamia kichwa!"

"Uliinamia picha, Mwalimu. Hilo halina makosa."

"Na macho alifumba," akasema shemeji.

Mweka hazina akashikwa na kikohozi akaenda kukimalizia getini. Mwenyekiti akasema kitu hicho kitoke sasa hivi. Mama wa namba tatu, ambaye nilidhani amekuja kunikandamiza, akamgeukia: "Toka lini shada likavunjwa kabla ya siku arobaini? Unataka tuongelewe Kakamega nzima?" Basi wakabishana pale kwangu, mimi nikiwa kama mgeni. Kama ni shada, libaki. Kama ni antena, iondoke. Mweka hazina aliporudi akapendekeza antena iondolewe na maua yabaki. "Yakishikwa na nini?" akaulizwa. Nilimwona mwenyekiti akiangalia duara lile kwa uchungu wa kweli, mtu aliyeandika kanuni kwa mkono wake asijue kwamba msiba unaweza kuvaa bomba.

Mwishowe waliamua kwa kusoma kanuni neno kwa neno: inakatazwa inayoonekana kutoka njiani. Itoke kwenye veranda kabla ya Ijumaa jioni. Nitaletewa barua.

Walipoondoka shemeji aliitupa sufuria.

"Mulamwa, shemeji yangu, ungesema tu ni shada! Wameliona shada wenyewe!"

"Aliniuliza iko wapi."

"Watu huulizwanga mambo kila siku na hawajibu. Dada yangu aliishi na wewe vipi?"

Nilimwambia alitundika taulo. Hakunielewa, na jioni hiyo obusuma wangu, yaani ugali, ulikuwa mdogo kuliko wa mgeni.

Ijumaa niliingiza pete chumbani, na maua yake, kwa kuwa akina mama wangeniuliza. Humo ndani mambo yakaharibika. Kuna dirisha moja tu, na juu ni mabati. Nilipowasha redio nilipata mngurumo mnene, mfululizo, kama mashine ya kusaga. Nilizungusha kitasa mpaka kidole kikauma. Hakuna sauti ya mtu hata moja. Niliketi kitandani upande wake na nikajilaumu, nakiri. Neno moja tu lingetosha, na ningekuwa bado kwenye veranda.

Ndipo nikachungulia dirishani. Mlangoni pa mwenyekiti kuna taa kubwa ya usalama, ya zile za bei rahisi, inayowaka mchana na usiku kulinda kuku wasioruhusiwa. Mke wangu aliwahi kuilalamikia. Alisema ndiyo inayochafua hewa ya redio ya ploti nzima kwa mngurumo, na sitashangaa kama ndiyo inayorusha hiyo TV. Alinionyesha pia dawa yake: pete ni kiziwi kwa kile inachokitazama uso kwa uso, na husikia kwa mbavu. Yeye aliigeuza kwa kidole tu, akizungumza na mtu mwingine.

Nikaigeuza pete taratibu mpaka uso wake, na picha yake, ukaelekea barabara kwenye mlango wa namba moja. Mngurumo ukapungua, ukapungua, ukawa kama mtu anayepumua. Chini ya mngurumo zikasikika sauti za wanaume wawili hewani wakizungumzia bei ya nyaya.

Jumamosi kabla ya saa tano nilikuwa nimeketi. Nilimwambia shemeji aingie kama anataka. Akasimama mlangoni, mikono imefungwa, akasema hataki.

Mwongozaji akaanza orodha. Kiingereza chao ni cha kuchanganya na Kiswahili na ninakifuata. Wa kwanza akaitikia, wa pili akaitikia. Kisha akasema sasa tunaiita stesheni ya Kakamega. Akazitaja herufi zake na namba zake, moja moja, na akasubiri.

Nilikuwa nimeshika maikrofoni yake. Bila leseni mtu kama mimi anaruhusiwa kusikiliza tu, na nalijua hilo vizuri kama ninavyojua jina langu. Akaita mara ya pili. Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe na nilikibonyeza nusu, mpaka pale unapohisi chuma kikikataa kidogo. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Kilichobaki kilikuwa kama unene wa karatasi.

Akaita mara ya tatu. Nikatoa kidole. Nikasema "Hayupo," pale chumbani tu, kwa sauti ya kawaida. Shemeji akageuka akaenda jikoni.

Wakanyamaza dakika nzima, watu wa nchi nne au tano, na hakuna aliyekohoa. Mwongozaji akashukuru, akasema ameondolewa kwenye orodha, akaita anayefuata. Alikuwa mkulima wa Lugari. Akaitikia mara moja, na kwa sababu aliulizwa hali ya hewa akaanza kulalamikia mvua iliyomkuta na mahindi nje, magunia mangapi yameloa, na jinsi turubai lilivyochukuliwa na upepo likamwangukia ng'ombe wa jirani. Alikuwa na maneno mengi mtu yule. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa mke wangu hakuwahi kuzima redio mtu akiwa bado anazungumza.