Likizo ya Mama Pasi

Pale hotelini, jina lake halisi alilijua mhasibu peke yake. Wengine wote, kuanzia bawabu mpaka mpishi mkuu, walimwita Mama Pasi, naye aliitika kwa furaha, maana aliliona ni cheo. Alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia, kule chini nyuma ya jiko, ambako mvuke haukatiki na mashine zinanguruma mpaka ukitaka kusema na mwenzako lazima umsogelee sikioni. Mashuka, taulo, foronya, sare za wahudumu, vyote vilipita mikononi mwake, na shuka lenye mkunjo hata mmoja lilirudishwa kwenye maji.

Kazi aliipenda kweli. Tatizo ni kwamba aliipenda mpaka ikamla. Alifika kabla ya wenzake na kuondoka wakishaondoka wote. Likizo zake alizisogeza mbele mpaka zikasahaulika. Kwenye harusi ya mdogo wake, bwana harusi akiwa anatoa shukrani, yeye alikuwa jikoni na pasi ya kuazima, ananyoosha vitambaa vya meza vya watu. Mdogo wake alimsamehe, lakini picha za harusi hazikumsamehe. Hayumo hata katika moja.

Mumewe alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, mwenye kibanda chake mbele ya nyumba. Zamani alilalamika kula peke yake kila siku. Baadaye alichoka kulalamika, akawa anamfunikia mkewe chakula tu.

Mwili ndio ulioanza kugoma. Kichwa kikawa kinamgonga tangu anapoamka, mgongo ukakakamaa, presha ikapanda. Akawa mkali kwa wasaidizi wake kwa vijambo visivyo na kichwa wala miguu, hasa kwa dada mmoja mpole waliyemwita Kimya kwa sababu alifanya kazi bila kufungua mdomo. Asubuhi moja, Mama Pasi alisinzia akiwa amesimama, mkono ukateleza mpaka kwenye pasi ya mvuke. Kimya ndiye aliyemvuta. Kiwiko kiliungua, na gauni la mgeni likaungua pamoja nacho.

Meneja alimwita ofisini. Njiani Mama Pasi alikwisha kupanga maneno ya kujitetea, lakini hakuyahitaji. Meneja alimwambia aende akatibiwe, kisha apumzike mwezi mzima, na simu ya kazi aiache pale mezani.

"Na chumba changu atakiangalia nani?" aliuliza.

"Kimya."

Akatoka bila kuaga. Moyoni alikuwa na hakika kwamba wiki haitaisha kabla hawajatuma gari kuja kumbembeleza arudi.

Nyumbani hakutulia. Alipiga pasi mapazia, akapiga soksi, akamaliza taulo za jikoni. Alipofikia matambara ambayo mumewe hufutia minyororo, yule bwana aliyachukua mkononi mwake taratibu.

"Haya yaache, mke wangu," alisema. "Haya hayajawahi kuomba kupendeza."

Gari halikuja. Uvumilivu ulipomwishia, Mama Pasi alikwenda mwenyewe hotelini, akapitia mlango wa nyuma kwa kisingizio kwamba amesahau mwavuli. Alichokikuta hakukitarajia. Mashine zilikuwa zinaenda, mashuka yamepangwa kwenye rafu za chini ili mtu asipande kiti, na Kimya alikuwa anacheka na wenzake, kicheko ambacho Mama Pasi hakuwahi kukisikia. Walimpokea kwa upendo, wakamuuliza hali ya kiwiko, kisha wakarudi kazini. Hakuna aliyemuuliza lolote kuhusu kazi.

Hilo lilimuuma kuliko kiwiko. Alikwenda kuketi kwenye ngazi za nyuma, machozi yakamtoka. Muda si mrefu Kimya alimfuata na mwavuli, akaketi kando yake.

"Ulitufundisha vizuri, Mama," alisema. "Ila ulikuwa hutupi nafasi ya kukuonyesha."

Mama Pasi alipangusa machozi. Alimshika mkono, akaushikilia kwa muda, kisha akaenda zake nyumbani.

Alimkuta mumewe kibandani, sahani iko magotini. Naye alipakua chakula, akavuta kiti wakala pamoja. Fundi alimtazama kama mtu aliyepata mgeni mzito bila taarifa. Katika mazungumzo, Mama Pasi alimuuliza mchana huwa anafanya nini, akaambiwa kwamba baada ya kula huzijaribu baiskeli alizotengeneza, anazizungusha uwanjani. Ndipo mama wa watu akakiri kwamba yeye hajui kuendesha. Fundi alicheka mpaka akapaliwa. Mke wa fundi baiskeli, miaka yote hiyo!

Jioni ile ile walianza mafunzo. Mumewe alikimbia nyuma ameshika kiti, yeye akipiga yowe na kufumba macho. Alianguka kwenye nyasi, akaanguka kwenye matope, akaukumbatia mti. Majirani walitoka kutazama wakacheka, lakini aliyecheka kuwashinda wote ni yeye mwenyewe. Usiku huo alilala fofofo.

Likizo ilipokwisha alirudi kazini, akagawa funguo za stoo kwa zamu, na rafu zile akaziacha kama Kimya alivyozipanga. Muda wa kutoka ukifika anachukua mkoba wake. Siku za mwanzo miguu ilikuwa mizito, akigeuka geuka mlangoni kama mtu aliyeacha mtoto ndani. Sasa hageuzi shingo. Daktari naye amefurahi, presha imeshuka.

Siku za mapumziko yeye na mumewe hutoka asubuhi na baiskeli mpaka nje ya mji. Juzi tairi lake lilipata pancha njiani. Fundi alikaa chini kuziba, na Mama Pasi akajilaza kwenye majani kando yake, wakapiga soga mpaka gundi ikakauka. Walifika nyumbani jua limeshapanda, wana njaa, wakaingia jikoni wote wawili.