Mama Vifungo Ajifunza Kupumua

Fundi cherehani wa mtaa wetu, tuliyemwita Mama Vifungo, aliinama asubuhi moja kuokota pini, akabaki hukohuko. Mumewe alilazimika kumnyanyua kama gunia.

Wifi yake, muuguzi, alimpeleka kwa daktari. Mifupa haikuwa na kosa. Misuli ya tumbo na mgongo ndiyo iliyolegea kwa miaka ya kuinamia mashine. Akashauriwa kufanya mazoezi yaitwayo pilatesi.

"Pila nini?"

"Pilatesi, wifi. Vaa suruali laini twende."

Alitarajia vyuma na jasho. Akakuta chumba kisicho na chuma hata kimoja, wanawake wachache juu ya mikeka, na mwalimu mwenye sauti ya kubembeleza mtoto.

"Mama, lala chali. Kunja magoti, nyayo zikae sakafuni. Vuta pumzi kwa pua. Ukiitoa, ingiza kitovu ndani taratibu."

Wenzake walipovuta, yeye alitoa. Walipotoa, alikuwa amebana pumzi, macho yamemtoka. Akamnong'oneza wifi yake, "Nimefunga duka nije kulala?"

"Nyamaza, upumue."

"Nimepumua tangu nizaliwe. Leo ndiyo nakosea?"

Mwalimu akamwekea taulo chini ya kichwa. "Usishindane na mtu, mama. Anayeanza afanye kidogo, polepole. Kikiuma, acha. Sasa inua nyonga, mgongo ubanduke mkekani kidogokidogo."

Akainua. Mgongo ukabanduka, ukarudi chini pingili kwa pingili, na machozi yakaanza kumtiririkia masikioni. Hakuwa na huzuni, wala hapakumuuma mahali.

"Umeumia?" wifi yake akauliza.

"Hapana."

"Mbona unalia?"

"Ningejua ningekwambia."

Aliondoka amechanganyikiwa kuliko alivyoingia, lakini wiki iliyofuata alirudi. Nyumbani akawa anatandika blanketi sebuleni kabla ya kufungua duka. Siku ya kwanza mumewe alimkuta ameinua miguu hewani, akasimama mlangoni asijue aite watu au aombe radhi.

"Mke wangu, umeanguka?"

"Niache, natafuta tumbo."

"Limepotea lini?"

Mwalimu alisema kuna misuli ndani inayoushika mwili kama mkanda, naye kila siku aliisaka asiione. Hata hivyo alianza kukaa wima mbele ya cherehani bila kukumbushwa, na usiku akageuka kitandani bila kugumia.

Miezi ikapita. Siku moja akavaa gauni lake la kwendea harusi za watu, alilojipimia na kulishona mwenyewe, akaona pindo limepanda juu ya vifundo vya miguu. Akalipima kwa futi ya kamba. Gauni lilikuwa vilevile. Akamwita wifi yake.

"Mtu mzima anarefuka?"

"Hujarefuka. Umenyooka."

Mama Vifungo akajitazama kwenye kioo, upande huu na upande ule. "Basi miaka yote hii," akasema, "nilikuwa nampima nani?"