Fundi Nje ya Pazia

Kompyuta ya nyumbani kwetu Ngamiani ilikuwa na nguo kunishinda mimi. Mama aliifumia kitambaa cha uzi mweupe cha kufunika skrini, kingine cha lile boksi la chini, na cha tatu cha kibodi, chenye maua ya waridi pembeni. Redio ilikuwa nacho, friji ilikuwa nacho, kwa nini kompyuta ikae uchi? Nilimweleza mara nyingi kwamba mashine ile hupumua kwa nyuma, na ikizibwa itapata joto. Alinijibu kwamba joto la Tanga tunalo wote na hakuna aliyekufa.

Ndani ya mashine hiyo ndimo ilimokuwa singo ya mdogo wangu. Kwa asiyejua mambo yetu, kabla ya ndoa wanawake hukutana ndani kumsinga bibi harusi, yaani kumsugua liwa na kumpaka manukato, wakaimba na kucheza mpaka wachoke. Mwanamume haingii. Mabaibui na mitandio huvuliwa mlangoni, na siku hizi simu nazo huachwa hapohapo. Mama mkubwa alikaa kizingitini na kikapu, akizipokea moja moja, na hakuna aliyethubutu kumbishia. Kamera iliyoruhusiwa ilikuwa moja tu, yangu mimi, na sharti lake wageni wote walilijua: picha zitakaa kwetu, kwenye kompyuta, na hazitatoka.

Nilipozihamishia kwenye kompyuta nilimwambia mama ninunue diski ya pembeni, tuweke nakala ya pili. Kompyuta hufa, nikasema. Alinitazama kana kwamba nimemwambia tuzibandike sokoni.

"Zikiwa mahali pamoja nazilinda mimi," akasema. "Zikiwa mahali pawili atalinda nani? Wamo wake za watu mle, vichwa wazi. Wameniamini."

Diski sikuinunua, kwa sababu alikuwa na haki. Kwetu amana ni amana.

Ramadhani iliyofuata haikumkuta bibi. Bibi alikuwa mama yake baba, naye baba ndiye mtoto pekee aliyembakia. Alizaliwa Pangani, akaishi nasi miaka yake ya mwisho, na kwenye singo ile ndiye aliyeongoza nyimbo, kwa sauti ambayo hatukujua kama bado anayo. Sauti yake haikurekodiwa mahali pengine popote. Alikuwa hapendi simu, ukimpigia anasikiliza tu kisha anampa mtu mwingine.

Wiki chache baada ya msiba, baba alimuuliza mama kwa upole, tukiwa tunakunywa chai, kama kweli mle kwenye kompyuta imo sauti ya mama yake. Mama akasema imo. Baba akauliza kama anaweza kuisikiliza. Mama akamwambia asubiri, tutatafuta mwanamke anayejua mambo hayo, awatoe wengine wote abakie bibi peke yake. Baba akasema sawa. Hakuuliza tena, lakini nilimwona zaidi ya mara moja akinyoosha kile kitambaa cha skrini ambacho hakikuwa kimepinda. Niliumia kumwona vile.

Mwanamke huyo hakupatikana upesi, na kompyuta haikusubiri. Siku moja mama aliiwasha bila kuivua nguo zake, akasahau, akaenda kukuna nazi. Aliporudi ilikuwa imezimika, na kila akiiwasha inajizima tena. Mimi nilikuwa kazini. Mama akalifunga boksi kwa kanga, akapanda bajaji, akalipakata mpaka kwa fundi wa barabara ya pili kutoka kwetu.

"Mwanangu," akamwambia, na maneno haya alinisimulia mwenyewe kwa fahari, "vilivyomo humu si vya kutazamwa na mwanamume. Tengeneza, lakini usifungue kitu chochote."

Fundi ni mtu mzima, mwenye mke na watoto, mcha Mungu, mwenyeji wa Muheza. Akasema, "Sawa, mama."

Jioni kompyuta ikarudi inawaka kwa kasi ambayo hatujawahi kuiona. Mama alifurahi, akamwombea fundi kila heri. Mimi nikaketi, nikaifungua, nikakuta uwanja mtupu. Picha hakuna, video hakuna, hata barua zangu za kuombea kazi hazimo. Fundi alikuwa amepiga windo, yaani ameifuta kompyuta yote na kuipandishia mfumo mpya.

Nilimpigia simu nikiwa nimewaka. Nikamuuliza fundi gani anafuta vitu vya watu bila kuvihifadhi kwanza.

"Dada," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshtuka kweli, "mama alinikataza nisifungue kitu. Ningehamishaje vitu ambavyo sikuruhusiwa kuvitazama? Nilidhani ndivyo anavyotaka, viondoke."

Nilitaka kumgombeza zaidi nikakosa pa kushika. Alikatazwa, akatii. Tungempata fundi mmbea mwenye macho ya kuparamia, vitu vyetu vingekuwa salama! Nilicheka kwa hasira. Mama hakucheka. Aliketi juu ya kiti cha plastiki, mikono mapajani, akasema, "Nitamwambia nini baba yenu?"

Fundi alikuwa bado hewani. Akaniambia nizime kompyuta sasa hivi na nisihifadhi humo kitu chochote, hata picha moja. Alichofuta, akasema, ni kama vibao vya namba za nyumba. Vibao vimeng'olewa lakini watu bado wamo ndani, mpaka waletwe wapangaji wapya wa kuwatoa. Ana programu ya kuwatafuta. Kesho atakuja.

Alikuja asubuhi na mfuko wa machungwa ya kwao, diski ya pembeni, na flashi yenye ile programu. Alimwamkia baba shikamoo pale barazani, akavua viatu, akataka kuingia. Mama akasimama mlangoni.

"Wapi?"

"Ndani, mama. Kwenye kompyuta."

"Picha si zitatokea?"

Fundi akakiri kwamba zitatokea, vipicha vidogovidogo, kadiri zinavyopatikana. Mama akashusha pazia. Basi fundi akapewa mkeka barazani kando ya baba, mgongo kwa mlango, na mimi nikapewa kompyuta.

"Imeandika nini, dada?" anauliza kutoka nje.

Namsomea. Ananiambia bonyeza hapa, usibonyeze pale, chagua diski ya ndani, hifadhi kwenye ile ya pembeni. Bajaji ikipita hasikiki tena, inabidi arudie. Vipicha vilipoanza kujipanga kwenye skrini, mama aliruka.

"Usigeuke!"

"Sijageuka, mama."

"Umejikuna shingo."

"Mbu, mama."

Picha zilirudi bila majina, namba tupu, zimechanganyika kama nguo za kufua. Ilibidi tuzifungue moja moja. Mama akasahau huzuni yake, akawa anatambua watu kwa sauti kubwa, huyu mkwe wetu, huyu na meno yake, kisha akakumbuka walio nje, akajiziba mdomo. Na huko jikoni wali wa nazi ulikuwa umeshaiva, samaki wa kupaka keshatulia ndani ya sufuria, na hakuna aliyepakua. Adhuhuri ikaadhiniwa. Baba na fundi wakaenda msikitini, wakarudi, wakakaa palepale. Baba yangu, ambaye akitoka msikitini huuliza chakula kabla hajavua kofia, hakuuliza neno.

Video ndizo zilizotutesa. Moja ilikataa, ya pili ikakataa, ya tatu ikaonyesha miguu ya watu kisha ikaganda. Fundi akasema video ikikatika vipande mara nyingi hairudi nzima, tusikate tamaa. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata yake. Mama alianza kusoma dua chinichini.

Nikafungua nyingine. Skrini ikajaa viraka vya kijani na vyeusi, vinatetemeka, huoni mtu wala ukuta. Lakini vigelegele vikatoka. Halafu makofi, na juu ya makofi, sauti ya bibi.

"Zima!" akasema mama, kwa mazoea. Kisha akaitazama skrini vizuri. Akainama karibu, akaitazama tena. Hapakuwa na kichwa wazi hata kimoja. Hapakuwa na kichwa.

Akaenda mlangoni mwenyewe, akalifunga pazia kwa fundo, juu, kama tunavyofanya siku ya kufagia.

"Ongeza sauti," akaniambia.

Fundi aliinuka bila kugeuka. Akamwambia baba kwamba anakwenda mara moja dukani kununua vocha, akatafuta viatu vyake kwa miguu, akaondoka. Nilimpenda yule mtu kwa vocha ile.

Baba alibaki mkekani, mgongo kwetu. Bibi aliimba ule wimbo wa kumwonya bibi harusi juu ya wakwe, akiwasuta wakwe wote wa dunia naye akiwa mmoja wao, na wanawake wakamwitikia kwa kicheko. Baba hakutikisika. Nikaona kofia yake tu na mabega. Mama alikuwa akilia, na mimi pia.

Katikati ya wimbo bibi akasita. Akakohoa. Nilikuwepo siku ile, nimeshika kamera, lakini sikumbuki kabisa kuyasikia maneno yale.

"Nyie, hebu ngojeni kwanza," akasema. "Mwanangu huko nje kashakula? Mmemkalisha na wageni tangu asubuhi."

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akamwambia, "Bibi, mwanao mzee huyo, anaoza binti!"

"Hata. Nakuulizeni, kashakula?"

Barazani baba akavua kofia, akaiweka pajani.

"Bado, mama," akasema.

Mama akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akaenda jikoni kupakua.